Rangi ya mati au ya kung'aa: uchague ipi kwa nyumba yako hapa Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji 2018, sidhani kama kuna mtaa ambao hauna nyumba inayomaliziwa. Nenda Nzuguni, nenda Iyumbu, pita Mkonze au Nala, unakuta bati lishapanda, lipu ishapigwa, na mwenye nyumba yuko dukani anaangalia ndoo mbili za lita 20, kampuni ileile, rangi ileile ya krimu, moja imeandikwa mati, yaani isiyong'aa, nyingine silki au glosi, yaani za kung'aa, bei haziko sawa, akimuuliza muuzaji achukue ipi anajibiwa "inategemea unapenda ipi bosi". Hilo jibu linaniuma kwa kweli, kwasababu kupenda kunakuja mwisho kabisa. Kwanza uangalie ukuta wako ukoje, mwanga unaupiga kutoka wapi, na nani anaugusa. Ukishajibu hayo matatu, kwa mazingira yetu ya vumbi na jua, ndoo ya kubeba inajulikana yenyewe.

Kwanini moja ing'ae na nyingine ising'ae? Kwenye ndoo ya rangi kuna vitu vikubwa vitatu. Kuna unga wa rangi wenyewe, nyeupe nyingi inatokana na titani dioksaidi, kuna resini ambayo ndo gundi ya kuushika huo unga ukutani, alafu kuna kimiminika cha kulainishia, maji au thina, ambacho rangi ikikauka kinaondoka. Rangi ya kung'aa imewekewa resini nyingi ukilinganisha na unga, kwahiyo ikikauka juu panabaki ngozi laini iliyofunika kila kitu, mwanga ukigonga pale unarudi upande mmoja na wewe unaona mng'ao. Mati ni kinyume, unga ni mwingi pamoja na vijazio kama chokaa na talki, resini ya kutosha kushikilia tu, vichembe vinachomoza juu ya ukuta hata kama huvioni kwa macho, mwanga ukigonga unatawanyika kila upande na ukuta unaonekana umetulia. Silki iko katikati. Kiwandani wana kifaa cha kupima hiki kitu, wanamulika kwa pembe ya nyuzi 60, mati inasoma chini ya 10 na glosi inasoma 70 kwenda juu, kwahiyo ujue yale maneno kwenye ndoo yana vipimo nyuma yake, hayakuwekwa kama mapambo.

Na faida na hasara zote zinatokea hapo hapo kwenye ile ngozi. Ngozi laini haishiki vumbi, hairuhusu doa lizame, unafuta kwa kitambaa cha maji na maisha yanaendelea, ila inaonyesha kila kosa la ukuta. Mati inaficha makosa vizuri mno, ila inashika vumbi na doa likiingia limeingia.

Ukuta wako ukoje

Hapa ndo watu wengi wa nyumba mpya wanaumia. Ukuta uliopigwa skimu, ule mpako laini wa mwisho juu ya lipu, vizuri na fundi mwenye mkono, ukapigwa msasa mpaka unalainika, unaweza kuvaa silki na ukapendeza hadi mgeni akaupapasa. Lakini ukuta ambao skimu imepigwa harakaharaka, una mawimbi, una mistari ya kisu cha skimu, una vishimo vidogo vya mapovu, ukiupaka rangi ya kung'aa umeutangaza. Mchana saa sita huwezi kuona kitu. Subiri saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala upande wa magharibi na mwanga unaingia dirishani kwa ubavu, pale ndo kila wimbi linatupa kivuli chake upande mmoja na mng'ao upande wa pili, unaona hadi fundi alipogeuzia mkono.

Kuna kipimo cha bure na ningeomba kila mwenye nyumba akifanye kabla ya kununua hata kopo moja. Nenda site usiku, washa tochi ya simu, ilaze kabisa kwenye ukuta, igusane nao, mwanga uteleze juu ya ukuta badala ya kuupiga usoni. Utakachoona pale ndo rangi ya kung'aa itakavyokuonyesha kila jioni kwa miaka yote utakayokaa humo ndani. Kama unaona mawimbi na fundi anakwambia "hapo rangi itaficha mama, usiwe na wasiwasi", mwambie ataficha kwa mati tu, au arudie skimu. Hamna rangi ya kung'aa inayoficha ukuta mbaya, hata uipake makoti matano.

Hili linagusa sana nyumba za sa hivi zenye dari za jipsamu na zile taa za mkanda zilizofichwa pembeni ya dari. Taa ya namna ile inamwaga mwanga ukutani kutoka juu kwenda chini, yaani ni ile tochi ya simu ila imewashwa kila siku. Ukuta unaopokea mwanga huo, hasa ule nyuma ya tivii, uwe mati. Na dari yenyewe ya jipsamu ni mati bila mjadala, maana maungio ya bodi hata yakizibwa vipi mng'ao utayafichua, alafu dari haiguswi na mtu kwahiyo hamna sababu ya kulipia kitu kinachofutika.

Nani anaugusa ukuta

Ukisoma shule za serikali utakumbuka kuta zilivyopakwa, chini rangi ya mafuta inayong'aa mpaka usawa wa bega, juu rangi ya maji isiyong'aa. Hospitali nyingi hivyohivyo. Waliopanga vile walijua wanachofanya, chini ndo kunakoegemewa, kunakoguswa na mikono, kunakopigwa na madawati na vitanda, juu hakuna anayefika. Watu wanauona kama mtindo wa zamani lakini ile akili ni sahihi mpaka leo, na unaweza kuitumia nyumbani bila kuchora ule mstari.

Korido ni silki. Kuta za ngazi kama una ghorofa ni silki. Jikoni ni silki au glosi kabisa, na kama humo jikoni kuna jiko la mkaa pembeni hata kwa siku ambazo gesi imeisha, basi glosi, kwasababu masizi yakichanganyika na mafuta ya kukaangia juu ya mati huyatoi, utasugua mpaka utoe rangi. Sebuleni kwenye watoto wadogo mimi naenda na silki kwa kuta zenye swichi na milango, na mati kwa ukuta mkubwa wa kuangalia. Chumba cha kulala mati, wala usihangaike, ni chumba cha kupumzika na mwanga uliotulia unapumzisha macho.

Kuna kitu kimoja cha mati watu hawakijui mpaka wakione. Mati ukiisugua sana haibaki mati. Angalia nyumba yenye mati ambayo makochi yameegeshwa ukutani, pale vichwa vinapolalia panakuwa na duara linalong'aa, limeng'arishwa na kusuguliwa tu, rangi haijatoka wala sio uchafu na hakuna sabuni itakayoliondoa. Pembeni ya swichi ya taa hivyohivyo, mama anafuta alama za vidole kila wiki kwa nia njema, mwisho wa mwaka ana kiraka kinachong'aa katikati ya ukuta uliofifia. Kwahiyo mati ifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, bila nguvu, au iachwe.

Nyumba za kupangisha, hasa vyumba vya wanachuo kule karibu na UDOM, hesabu ni tofauti kidogo. Kwenye vyumba weka mati, maana mpangaji akitoka unarudia kwa gharama ndogo na unaweza kuziba pale palipoharibika tu, korido na jiko la pamoja weka silki. Wapo wenye nyumba wanaopaka glosi kila mahali ili "isichakae", ila ukuta wa chumba ukishatobolewa misumari ya mwanachuo na kubanduliwa gundi za mabango, kuurudisha sawa ule wa glosi ni kazi kubwa zaidi.

Nje, na vumbi letu

Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Disemba mpaka Aprili hivi, miezi mingine yote ni ukavu, na kuanzia Julai mpaka Septemba upepo unavuma kweli na vumbi linapanda. Ukuta wa nje wa mati mweupe hapa Dodoma ukifika mwezi wa tisa sio mweupe tena. Alafu ikija ile mvua ya kwanza kuna mambo mawili, vumbi la juu linashuka kwa michirizi, na matone yanayodunda kwenye udongo mtupu yanarusha tope ukutani mpaka usawa wa goti.

Mtu akisoma hapo atasema basi nje iwe ya kung'aa. Sikubaliani kirahisi. Ukuta wa nje ni mkubwa, unapigwa na jua kwa ubavu asubuhi na jioni, na lipu ya nje mara nyingi hainyooki kama skimu ya ndani, kwahiyo glosi nje inaonyesha mawimbi ya nyumba nzima kwa jirani. Pia jua letu linakula resini. Rangi ya mafuta inayong'aa ukiiacha nje juani miaka michache mng'ao unaondoka wenyewe, resini ya juu inavunjika na unga unabaki huru, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Umelipia mng'ao ambao haukukaa. Kwa nje tafuta rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, yenye mng'ao mdogo, wengine wanaiandika silki wengine wanaiita shini, inamudu jua vizuri zaidi na tope likiruka unamwagia maji linatoka. Kama mfuko unabana na lazima iwe mati ya nje, chagua rangi yenye asili ya udongo, krimu iliyoiva, kahawia, nyekundu ya tofali. Rangi hizo zinatokana na oksaidi za chuma, jua haliziharibu kirahisi, na vumbi la Dodoma likikaa juu yake halionekani. Nyumba za tembe za Wagogo zilikuwa na kuta za udongo uleule wa hapa, na ukiziangalia hata kwenye picha za zamani unaona jinsi zinavyokaa vizuri kwenye hii ardhi bila kupigana nayo.

Chini, ule mkanda wa kuzunguka nyumba, weka rangi nzito inayong'aa, kijivu iliyokolea au kahawia iliyokolea. Hapo glosi inafanya kazi yake hasa. Ila soma kwanza hili linalofuata.

Ukuta unaotoa chumvi

Sehemu nyingi hapa maji ya kisima yana chumvi, unayajua ukiyaonja, na watu wanajengea hayohayo. Ukuta ukikauka chumvi inatembea na unyevu kuja nje, unaona unga mweupe wa manyoyamanyoya chini ya ukuta, hasa pale karibu na msingi. Rangi ya maji ya mati inapumua, unyevu unapita, chumvi inatokea juu unaifuta kwa brashi kavu. Rangi ya mafuta ya kung'aa haipumui, unyevu unakwama nyuma yake, unaanza kuona malengelenge, yanapasuka, rangi inabanduka vipandevipande na kila kipande kina unga mweupe nyuma. Ukuta wa namna hiyo usiuguse na glosi mpaka utibu unyevu wenyewe.

Kipimo chake nacho ni rahisi. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne usiache upenyo, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone kwa ndani ukuta bado una maji.

Na hata kama hauna chumvi, simenti mpya ina ukali wake. Lipu iachwe walau siku 28 ndo ipakwe, na praima ya kuzuia ukali wa simenti itangulie. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya lipu changa ule ukali unaila resini na kuigeuza kitu cha kunata kama sabuni, na rangi haishiki tena. Wenye haraka ya kuhamia, na najua kodi zilivyo hapa mjini, wapake mati nyepesi ya maji kwanza, wakae nayo mwaka mmoja nyumba ikauke na nyufa zijitokeze, hasa waliojenga kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kunywea, alafu ndo waje na silki. Huu ni ushauri ambao ningempa ndugu yangu wa damu.

Milango, grili na bati

Milango ya mbao na grili za chuma ni glosi, hapa sina maneno mengi. Chuma kinataka ngozi iliyoziba ili maji na hewa visifike, anza na praima ya kuzuia kutu kisha rangi ya mafuta. Angalizo moja tu ni risasi, yaani ile madini ya risasi, ambayo kihistoria iliwekwa zaidi kwenye rangi za mafuta zenye rangi kali kama njano na nyekundu na inadhuru akili za watoto, kwahiyo chukua kopo lililoandikwa halina risasi, na rangi ya zamani usiipige msasa mkavu watoto wakiwa karibu. Mlango wa mninga usiupake rangi kabisa, ni dhambi, weka vanishi, na kama unaangalia magharibi weka ya mng'ao mdogo iliyotengenezwa kwa ajili ya nje kwasababu ile ya kung'aa sana ya ndani jua linaipasua.

Bati ndo mjadala mkubwa sa hivi, za mati au za kung'aa. Bati ya mati inapendeza, haimmuliki jirani machoni, na michubuko ya mafundi wakati wa kuezeka haionekani sana. Ya kung'aa inaoshwa na mvua vizuri zaidi kwasababu mgongo wake ni laini, ile yenye ukwaruzo kidogo vumbi linakaa. Wengi wanauliza kuhusu joto, wanaambiwa mati ni ya baridi. Kinachoamua joto zaidi ni rangi yenyewe, bati ya kijivu iliyokolea au nyeusi itafyonza jua kuliko ya rangi nyepesi, iwe mati iwe inang'aa. Na kabla ya yote uliza geji na unene wa mipako, bati ya geji 28 ni nene kuliko ya 30, usije ukatoa hela ya muonekano ukaacha unene.

Tailizi kwa haraka: bafuni na barazani mati, kwasababu ya kung'aa ikilowa inateleza na wazee wetu wanavunjika nyonga, sebuleni yoyote unayopenda, ila ya kung'aa nyeusi hapa kwetu utaifuta asubuhi na jioni.

Hesabu na kubadili mawazo

Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10 mpaka 12 kwa koti moja. Ndoo ya lita 20 kwa makoti mawili inakupa kama mita za mraba 100. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye urefu wa mita 3 kina mita za mraba 48 za ukuta kabla hujatoa mlango na dirisha, kwahiyo ndoo moja ni vyumba viwili. Ukuta wa rafu wa nje unakula zaidi, usitumie hesabu hii. Silki inakuwa ghali kuliko mati ya kampuni hiyohiyo, na ndo maana nasema weka silki panapoguswa tu, usilipie nyumba nzima.

Kama huna uhakika kabisa, anza na mati. Kutoka mati kwenda silki unafuta vumbi unapaka. Kutoka glosi kwenda mati lazima upige msasa ukuta mzima kuvunja ile ngozi, la sivyo rangi mpya haishiki inabanduka kama ganda la kitunguu.

Kuziba pia kuna tofauti yake. Mati ukipakwaruza unachovya brashi kwenye rangi iliyobaki, unagusa pale, kikikauka hukioni. Silki na glosi kiraka kinaonekana kwasababu mng'ao wa jana na wa leo haulingani, inabidi urudie ukuta huo kona hadi kona. Kwahiyo nunua ndoo zote kwa mpigo, angalia namba ya toleo kwenye kila moja zifanane, na kama hazifanani zichanganye kwenye pipa moja safi kabla fundi hajaanza, alafu bakiza lita moja kwenye kopo lililofungwa vizuri, andika juu yake ni ya chumba gani, na uiweke ndani isipigwe jua.